Matairi mawili yaliyopotea kabla ya kupata la tatu

Pikipiki inayozungumzwa hapa ni ya cc 150, ringi za spoku, pikipiki ya kazi. Siku nyingi iko lami kati ya Tabora mjini na Sikonge, kama kilometa 70 kwenda, na siku mbili tatu za wiki inaiacha lami na kuingia njia za mchanga kuwafuata wakulima wa tumbaku na warina asali. Tangu Novemba 2023 imevaa matairi matatu ya nyuma. Mawili ya kwanza yalikufa mapema, na si barabara iliyoyaua. Yalichaguliwa vibaya, yakafungwa vibaya, yakabebeshwa vibaya. La tatu lipo mpaka leo. Naandika haya kwa ajili ya yule atakayesimama mbele ya duka la spea hela mkononi, tairi limekwisha, na muuzaji akamuuliza swali moja tu: "La mbele au la nyuma?" Swali hilo halitoshi, na anayelijibu kisha akalipa anaondoka na bahati nasibu.

Kosa la kwanza lilitokea kabla ya kufika dukani. Tairi la nyuma halifi ghafla. Linaanza kuisha katikati, kwa sababu muda mwingi pikipiki inakwenda wima na hapo katikati ndipo nguvu yote ya injini inapopita. Kashata za pembeni, yaani vile vipande vya mpira vilivyochomoza usoni mwa tairi, zinabaki nzuri, na ukilitazama tairi kwa kupita unaona hizo za pembeni. Ndiyo maana utasikia mtu anasema "bado lina kashata" wakati katikati limeshakuwa bapa kama ubao. Kwenye kona linajitangaza lenyewe: pikipiki inasita kulala, halafu inaangukia upande mara moja, kwa kuwa mahali palipokuwa na mviringo sasa pana ukingo.

Dalili nyingine imechapwa kwenye tairi. Ubavuni, juu karibu na kashata, tafuta herufi TWI au pembetatu ndogo. Kutoka hapo fuata mstari kuelekea katikati. Ndani ya mfereji utaona tuta dogo la mpira. Kwenye matairi ya pikipiki tuta hilo kwa kawaida lina kimo cha milimita 0.8. Kashata zikilingana nalo, tairi limekwisha na halina mjadala. Lakini kungoja lifike hapo ni kuchelewa. Chini ya milimita 2 mifereji haina tena nafasi ya kumeza maji, na mwiba wa mgunga una safari fupi sana kufika kwenye tyubu. Kipimo ni njiti ya kiberiti: ichomeke kwenye mfereji wa katikati, weka ukucha usawa wa kashata, ichomoe, ilaze kwenye rula ya shule. Pima sehemu tatu za mzunguko, si moja, kwa sababu breki za kushtukiza hula kipande kimoja zaidi.

Tairi la kiwandani, lililokuwapo kabla ya hayo matatu, lilipimwa hivyo likakutwa chini ya milimita 1, na lilipimwa baada ya kututisha. Ilikuwa mvua ya kwanza ya Novemba. Mvua hiyo ndiyo mbaya kuliko zote: lami imekusanya mafuta na vumbi kiangazi kizima, na manyunyu ya dakika kumi yanaufanya mchanganyiko huo kuwa kama mlenda. Tabora nao ni mji wa reli, na chuma cha reli kikilowa hakishiki mpira wa aina yoyote. Pikipiki ilivuka reli kwa mshazari, gurudumu la nyuma likaenda pembeni kiasi cha hatua moja, likarudi. Abiria hakuanguka. Aliposhuka alilitazama gurudumu, akalipa, akasema, "Kaka, hilo tairi," akaondoka zake. Reli ivuke ikiwa imekatana na njia yako sawasawa, bila kushika breki na bila kuongeza mafuta ukiwa juu ya chuma. Hilo halibadiliki hata ukiwa na tairi jipya.

Hofu ile ikazaa ununuzi wa haraka, mchana uleule.

Lililonunuliwa lilikuwa na kashata kubwa zilizoachana, lile ambalo wengi huita tairi la vumbi. Maneno ya dukani yalikuwa kwamba mvua zimeanza, hilo ndilo linalong'ata. Kwenye tope ni kweli kabisa: kashata kubwa zinauma udongo na nafasi kati yao zinautema. Kwenye lami mambo yanageuka. Kinachogusa barabara ni vichwa vya kashata tu, eneo dogo, na kila kashata ndefu inapinda ikisukumwa, inapata joto, inalika upande mmoja mpaka mstari mzima unakuwa kama meno ya msumeno. Utausikia muungurumo, kisha mtetemo kwenye sehemu ya kukanyagia. Na lami ikilowa, lile lile lililosifiwa kwa mvua ndilo linaloteleza. Kama robo tatu ya safari zako ni lami, nunua tairi la lami, na zile siku za mchanga nenda polepole. Anayeshinda porini kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi ana hesabu nyingine.

Lilikuwa pia zee. Lilining'inizwa nje ya duka, juani, na vinyweleo vyake vya mpira vilikuwa bado vipo, tukaona jipya. Vinyweleo vinathibitisha kwamba tairi halijatembea, umri haviujui. Umri unasomwa kwenye tarakimu nne, mara nyingi ndani ya umbo la yai mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT, mara nyingine zikiwa peke yake. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Letu lilisomeka 0817. Lilitengenezwa Februari 2017, likanunuliwa Novemba 2023. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Jua na hewa vinaukausha, unakuwa mgumu, na nyufa nyembamba kama uzi zinatokea kwenye mashina ya kashata. Kabla ya kulipa, likunje ubavu kwa vidole gumba viwili mahali penye mwanga. Nyufa zikifunguka, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Siku hizi tairi lenye zaidi ya miaka mitatu tangu litengenezwe hatulichukui, na lililoanikwa nje hatulichukui hata likiwa la mwaka jana.

Likamegeka. Kashata moja kwanza, halafu jirani zake tatu, mpaka nyuzi zikaonekana. Kilometa 5,200 tu.

La pili lilinunuliwa kwa kukimbilia upande wa pili kabisa: la lami, mpira mpya, na pana. Hapa ndipo namba zinapohitajika kueleweka, na nitazieleza kwa kirefu kwa sababu naona watu wengi wakidanganyika kwa upana.

Pikipiki nyingi za kazi za cc 125 na 150 tunazoziona hapa zinavaa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, zipo zinazovaa za inchi 18, kwa hiyo soma tairi lako la sasa na kitabu cha pikipiki kabla ya kutoka nyumbani. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Mtindo mwingine wa kuandika ni 90/90-17: upana milimita 90, kimo cha ubavu asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 81, ringi ya 17. Tairi la 3.00-17 na la 90/90-17 yanakaribiana sana, na lile la pili unaweza kulifunga kama ringi na nafasi vinaruhusu. Sisi tulifunga 100/90-17. Piga hesabu: ringi ya inchi 17 ni milimita 432, ongeza ubavu wa juu na wa chini. La 3.00 linafika kama milimita 584, la 100/90 linafika 612. Tofauti ya milimita 28 inaonekana ndogo mpaka umepakia. Gurudumu likikua kwa karibu asilimia 5, ni sawa na kubadilishiwa sproketi, yale meno yanayovutwa na cheni, bila kuulizwa: kwenye kilima au mchanga mzito injini inakosa nguvu, unashuka gia mapema, klachi inafanya kazi zaidi. Spidomita haikuambii kitu, kwa kuwa kwenye pikipiki hizi waya wake kwa kawaida unatoka gurudumu la mbele.

Ringi nayo ina lake. Upana wake umechapwa juu yake, mfano 1.60 au 1.85, ni inchi. Tairi la milimita 100 linataka ringi ya zaidi ya inchi 2. Ukilibana kwenye 1.85, kingo zake zinavutwa ndani na mgongo unapanda juu kama yai, hivyo ule upana uliolipia haugusi lami. Kinachogusa ni ukanda mwembamba katikati, na katikati ndipo linapoisha. Juu ya hayo likaanza kulamba kifuniko cha cheni kila lilipopigwa na shimo. Lilionekana zuri limeegeshwa.

Lililolimaliza lakini ni tyubu. Tuliirudisha ile ya zamani, yenye viraka vitano, ili kuokoa shilingi 10,000. Tyubu iliyotumika imeshavutika. Ukiiweka kwenye tairi jipya la saizi yake inapata mikunjo, na mkunjo unajisugua mpaka unatoboka. Ukiiweka kwenye tairi pana zaidi, kama tulivyofanya sisi, inavutwa zaidi, inakuwa nyembamba, na viraka vyake havivutiki nayo. Siku ya joto, abiria nyuma, gunia dogo la karanga juu ya keria, kiraka kimoja kikaachia njiani kabla ya Sikonge. Tyubu haivuji taratibu kama tairi lisilo na tyubu. Upepo unatoka kwa mkupuo na kupenya kwenye matundu ya spoku. Mkia wa pikipiki ukaanza kucheza. Likitokea la nyuma, achia mafuta taratibu, shika usukani wima, tumia breki ya mbele kwa upole. Likitokea la mbele, tumia ya nyuma. Breki ishikwe kwenye gurudumu lenye upepo.

Kisha likafanyika kosa la mwisho. Kivuli kilikuwa mbele kama mita 400, pikipiki ikaendeshwa mpaka hapo ikiwa haina upepo. Fundi pancha alipolitoa tairi aliingiza kiganja ndani, akakitoa cheusi. Ndani mlikuwa na unga wa mpira kama masizi ya sufuria, na pete ya mchubuko imezunguka ubavu wote mahali ulipokunjwa kati ya ringi na lami. "Ndugu yangu, hili hata ukilitia tyubu mpya litakuua," alisema, na alikuwa sahihi: nyuzi za ubavuni zilikuwa zimekatika, kwa nje halionyeshi chochote. Ukiona unga huo, usilirudishe, na usimuuzie mtu mwingine. Kilometa 2,900.

Kabla ya kununua la tatu tulikaa na kalamu. Jambo ambalo halijawahi kuulizwa dukani ni uzito. Ubavuni, baada ya saizi, kuna namba na herufi, mfano 50P. Namba ni mzigo ambao tairi linabeba likiwa limejazwa upepo wake wa juu: 41 ni kilo 145, 45 ni kilo 165, 47 ni kilo 175, 50 ni kilo 190, 52 ni kilo 200, 56 ni kilo 224. Herufi ni mwendo: J ni kilometa 100 kwa saa, L ni 120, P ni 150. Kwa kazi hii herufi yoyote kati ya hizo inatosha. Namba ndiyo ya kugombea.

Pikipiki yenyewe ina kama kilo 120, na nusu yake, kilo 60, iko gurudumu la nyuma. Dereva wa kilo 70 anaweka kama 45 nyuma. Abiria wa kilo 70 amekaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma, mhesabie 65. Tayari ni 170. Kwenye tairi la 50 zimebaki kilo 20. Sasa fikiria mfuko mmoja wa saruji, kilo 50, umefungwa kwenye keria: 220, umepita kwa 30. Na mzigo uliokaa nyuma ya ekseli unabonyeza gurudumu la nyuma kuliko uzito wake wenyewe, huku ukiinyanyua mbele. Mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, sihesabu kabisa. Mwenye kazi ya namna hii asichukue chini ya 50 nyuma, na akipata 56 kwa saizi ileile aichukue. Chagua pia PR: 4PR, 6PR, 8PR. Si idadi ya matabaka siku hizi, ni daraja la nguvu. Kwa lami na mchanga wa huku na mizigo ya huku, naona 6PR ndiyo sahihi nyuma. La 8PR linabeba zaidi lakini ni gumu, na ukilitembeza tupu linadundadunda juu ya kila bati la barabara ya vumbi.

Kashata tulizochagua ni za lami zenye mifereji ya wastani: katikati vipande vimeshikana karibu mstari mmoja, pembeni vimeachana kidogo kwa ajili ya mchanga. Saizi 3.00-17 kama kawaida. Tarakimu zilikuwa za miezi mitano nyuma. Tulilitoa ndani ya stoo, si kwenye msumari wa nje.

Bei iliuma. La kwanza lilikuwa shilingi 48,000, la pili 70,000, hili 85,000. Lakini gawanya kwa kilometa. La kwanza lilitugharimu shilingi 9 na senti kwa kila kilometa, la pili 24. Hili likifika 13,300, itakuwa kama 6 na senti. Na sijaweka siku mbili za kazi zilizopotea wala nauli ya abiria wa Sikonge aliyerudishiwa hela yake.

Kufunga, simama hapo hapo. Fundi mzuri hakasiriki ukisimama, na kuna mambo manne ambayo haraka yake ndiyo pancha yako ya wiki ijayo.

La kwanza ni ringi yenyewe ikiwa wazi. Isugue kutu kwa brashi ya waya pale tairi linapokaa. Gonga kila spoku kwa bisibisi; inayolia "tup" wakati wenzake wanalia "ting" imelegea. Pitisha kidole juu ya vichwa vya spoku kwa ndani. Kilichochomoza kikatwe kwa tupa, kisha mkanda wa ringi urudi juu yake, tundu lake likilingana na tundu la valvu. Kama mkanda umekatika, weka mpya. Ni shilingi chache, na bila huo tyubu inasuguliwa na chuma usiku na mchana.

La pili ni mshale. Ubavuni kuna mshale wa mzunguko, uelekee mbele. Matairi mengine yana mishale miwili, mmoja wa kufungwa mbele na mwingine wa nyuma, inayopingana. Si kosa la kiwanda: gurudumu la nyuma linavutwa na injini, la mbele linavutwa na breki, nguvu zinakuja kutoka pande tofauti.

La tatu ni tyubu kuingia. Itiwe upepo kidogo tu, ipate umbo la duara isiwe na mikunjo, ipakwe poda. Kingo za tairi zipakwe maji ya sabuni, si mafuta ya injini wala grisi, maana mafuta yanakula mpira. Ukingo wa pili uanze kuingizwa upande ulio mkabala na valvu, na uishie kwenye valvu. Sababu ni hii: katikati ya ringi pana bonde, na ukingo ukitumbukia humo unapata ulegevu wa kumalizia bila nguvu. Pale kwenye valvu kitako chake kimeziba bonde, hivyo ukianzia hapo unamalizia upande wa pili kwa kukaza, na kukaza kwa chuma ndiko kunakong'ata tyubu. Fundi akiona anahitaji kukanyaga chuma kwa mguu, mwambie asimame, apige magoti upande wa pili aukandamize ukingo ushuke bondeni. Mwishoni sukuma valvu ndani kwa kidole, kisha iachie irudi, ili tyubu isibaki chini ya ukingo.

Jaza hadi psi 40 hivi (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo kinachosomwa kwenye geji), usizidi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, mpaka usikie ukingo ukikaa. Karibu na ringi kuna mstari mwembamba unaozunguka tairi. Umbali wake kutoka ringi uwe sawa kote. Ukiingia ndani sehemu moja, tairi litapiga chenga. Toa sindano ya valvu, acha upepo wote utoke, jaza upya. Kutoa huko kunanyoosha mikunjo ya tyubu.

La nne ni nati ya valvu, ile nyembamba inayoteremka mpaka ringi. Wengi wanaikaza. Iache juu, chini ya kofia ya valvu. Upepo ukipungua na ukashika breki, tairi linajizungusha kidogo juu ya ringi na kuivuta tyubu. Nati ikiwa imekazwa, valvu inang'oka kwenye shina lake na hakuna kiraka cha hapo. Ikiwa huru, valvu inainama. Valvu iliyoinama ni taarifa: upepo ulishuka, tairi limetembea. Itazame kila asubuhi, inachukua sekunde mbili.

Gurudumu likirudi, cheni icheze kama milimita 25 hadi 30 katikati, alama za kushoto na kulia kwenye mkono wa nyuma zilingane, chuma kinachoshikilia sahani ya breki kifungwe na pini yake irudi. Pini hiyo imeshaachwa chini mara nyingi mno, na bila hiyo nati ikilegea breki ya nyuma inajizungusha na kufunga gurudumu. Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kupanda.

Tairi jipya linateleza. Uso wake ni laini kutoka kwenye kalibu. Kilometa 150 za kwanza usilaze pikipiki kwenye kona wala kukamata breki kwa nguvu, na usianze na mzigo mkubwa. Tulilifunga Agosti, kiangazi, likapata muda wa kuchubuka kabla ya mvua.

Upepo sasa ndiyo kazi ya kila wiki. Kibandiko cha pikipiki kina neno la mwisho. Hii yetu inataka psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, na zaidi ukiwa na abiria, nasi tunaiweka 34 nyuma kwa sababu haikosi abiria. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Likitembea kwenye jua upepo unapanda wenyewe, na ukiupunguza saa nane mchana, kesho asubuhi utakuwa chini. Kupima kwa kubonyeza kidole au kupiga teke hakupimi chochote kwenye 6PR. Ubavu wake ni mgumu hata likiwa na psi 18. Nunua geji yako. Za kwenye kompresa za barabarani tulilinganisha tatu siku moja, zikatofautiana hadi psi 7. Upepo mdogo ndio unaopika tairi: ubavu unakunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko, joto linapanda, viraka vinaachia, nyuzi zinachoka. Upepo mwingi nao unalifanya ligumu, linaisha katikati na kudunda kwenye mashimo.

Kuhusu la mbele. Mtu atakushauri lile la nyuma lililochoka nusu ulihamishie mbele. Usikubali. Ukishika breki uzito mwingi unakimbilia mbele, na gurudumu la mbele likiteleza hakuna la kurudisha. La mbele linaisha polepole, mara nyingi nusu ya kasi ya la nyuma, kwa hiyo linaweza kuzeeka na kukauka kabla ya kuisha. Soma tarakimu zake pia. Letu lilikuwa na kashata ya milimita 3 na nyufa kila mahali. Tulilitupa pamoja na lile la pili la nyuma, tukafunga 2.75-17 yenye mifereji mirefu ya kuzunguka, inayoshika mstari vizuri kwenye lami iliyolowa.

Kwenye mfuko wa pembeni kuna daftari. Tairi la nyuma lilianza na milimita 7. Kilometa 4,000 zilipotimia lilikuwa 5.5. Kwa mwendo huo litafika milimita 2 baada ya kama kilometa 9,300 zingine. Pembeni ya hesabu hiyo imeandikwa hela ya kuweka kila Jumamosi, shilingi 2,500, na saizi kamili ya tairi na tyubu, ili yeyote atakayetumwa dukani asijibu swali la mbele au nyuma bila karatasi mkononi.